Fundi Kimya atafuta spika ya chumba cha pili

Saa tatu na robo asubuhi, Fundi Kimya ameketi sakafuni katikati ya korido ya nyumba ya watu, miguu ameinyoosha, machoni amefungwa kitambaa cheusi. Kushoto kwake kuna mlango wa jikoni. Mbele yake kuna chumba cha kulala, na nyuma yake sebule. Vyumba vyote viwili vinapiga wimbo mmoja.

"Zima ya chumbani," anasema.

Mkwe wa nyumba hiyo, ambaye leo ameomba ruhusa kazini, anabonyeza simu. Wimbo wa chumbani unakatika.

"Washa."

Unarudi.

"Zima tena."

"Fundi, kidole changu kitaota sugu."

"Kiote tu, dada. Washa."

Mlangoni mwa sebule amesimama mama mkwe wake, mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima unamwita Bibi. Mkono wake wa kulia umefungwa bandeji kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Haoni kinachoendelea, lakini ameshaambiwa kwamba fundi mzima amekaa chini na kufungwa kitambaa kama mtoto mchezoni, na jambo hilo linamchekesha.

"Leo tuko sawa mimi na wewe," Bibi anamwambia. "Haya, nionyeshe chumba changu kiko wapi."

Fundi anageuza kichwa huku, anageuza kule. Hana haraka. Mwishowe ananyoosha kidole.

Mkwe anaangalia kidole, halafu anaangalia chini.

"Kaonyesha wapi?" Bibi anauliza.

"Jikoni, Mama."

"Ndiyo hapo," anasema Bibi, na kicheko kimekwisha. "Ndiko na mimi nilikokwenda."

Jiko la nyumba hiyo liko chini, kwa ngazi mbili za saruji. Siku tatu kabla ya asubuhi hii, Bibi alizishuka zote mbili kwa mara moja.

Fundi Kimya ni mwanamke wa miaka thelathini na minne. Kazi yake ni kuchagua na kufunga spika za majumbani, zile zinazopokea muziki na vipindi kutoka mtandaoni na kuongozwa kwa simu. Mtu anataka wimbo ulioanza sebuleni umfuate mpaka chumbani, yeye ndiye anayeitwa.

Jina la Kimya hakupewa na wazazi. Alipewa na wateja, kwa sababu kila anapoingia kwenye nyumba ngeni, kabla hajafungua begi wala hajakubali hata maji ya kunywa, husema neno lile lile: "Kimya kidogo, jamani."

Watu wakinyamaza, hupiga makofi matatu katika kila pembe ya chumba. Husikiliza makofi yanavyojibiwa na ukuta, kabati, pazia na godoro. Kisha huuliza mwenye chumba hukaa wapi, naye hukaa hapo hapo kwa nusu saa bila kufanya lolote. Wapo wateja waliowahi kumnong'oneza mlinzi amchungulie kama hajalala.

"Wengi wananiletea picha kwenye simu, wanasema nataka hii," anaeleza. "Mimi nawaambia hiyo ni picha. Nionyeshe kwanza kiti chako."

Aliishia darasa la saba. Baada ya hapo alikaa kwa mjomba wake aliyekuwa anatengeneza redio kwenye kibanda cha mabati. Mjomba alikuwa mtu wa maneno machache na hasira za karibu, na hakutaka mtoto wa dada yake ashike chuma cha kuchomelea mpaka aweze kusema redio inaumwa nini kwa kuisikia tu. Ilimchukua mwaka na miezi.

Kazi ya kufunga spika ameifanya kwa miaka kumi na mmoja sasa. Mwezi mzuri hupata nyumba sita, mwezi mbaya nyumba moja. Mwaka juzi ilipita miezi miwili bila hata moja, akawa anatengeneza pasi na feni, huku akiwaambia watu kwamba yuko likizo.

Nyumba hii ya Bibi aliijua tangu mwaka jana. Mtoto wa Bibi ni dereva wa malori ya masafa marefu, na kwa wiki hulala nyumbani usiku mmoja au miwili. Alitaka mama yake awe na kitu cha kusikiliza, kwa kuwa macho yake yameondoka pole pole kwa miaka minne, na sasa anachoona ni mwanga wa dirisha tu.

Fundi Kimya alichagua spika mbili ndefu kwa ajili ya sebule na kipokezi kidogo cha mtandaoni, cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Dereva akiwa njiani, siku mbili mbali na nyumbani, huweza kubonyeza simu yake na sebule ikaanza kuimba.

Bibi aliipenda sana hali hiyo. "Nikisikia kwaya, najua mwanangu kaamka vizuri," anasema. "Siku nyingine ananiwekea ule muziki wao wa kurukaruka, mchana wote. Hapo najua anasinzia kwenye usukani. Napiga simu namwambia simama pembeni unawe uso."

Mwezi uliopita dereva akarudi na wazo la chumba cha pili. Mama yake alikuwa anapitwa na habari za saa saba kila anapokwenda kujilaza. Akataka sebule na chumba cha kulala vipige kitu kimoja, kwa sauti moja, asipitwe na neno.

Fundi Kimya alikwenda, akasema kimya kidogo, akapiga makofi yake chumbani. Akakaa juu ya kitanda cha Bibi kwa nusu saa. Akachagua spika mbili, ndugu wa zile za sebuleni, na kuzifunga ukutani.

Kazi iliyomtoa jasho ilikuja baada ya hapo. Chumba cha pili kilikuwa kinachelewa. Kuchelewa kwenyewe ni kudogo, chini ya kupepesa jicho, lakini aliyesimama katikati alisikia kila neno mara mbili, kama mtu anayesemeshwa na pacha wawili ambao mmoja hajaamka sawasawa. Alikaa na tatizo hilo siku mbili. Alibadilisha kipokezi, akaleta cha kampuni moja na kile cha sebuleni ili viongee lugha moja, akakihamishia karibu na kisanduku cha intaneti. Siku ya pili jioni, vyumba viwili vikapumua pamoja.

"Niliondoka nikitembea kama bibi harusi," anakumbuka. "Nilijisemea hakuna fundi wa mji huu angeweza. Nyumba nzima ilikuwa chumba kimoja."

Siku ya tatu Bibi akaanguka.

Jambo ambalo hakuna mtu aliyelijua, si dereva, si mkwe, si fundi, ni jinsi Bibi alivyokuwa akitembea. Wote walidhani anahesabu hatua, au anapapasa ukuta. Ukuta hakuugusa. Alikuwa anatembea kwa sebule.

"Nikitoka kule, muziki unanisukuma mgongoni, naenda kulala," anafafanua. "Nikiamka, unanivuta usoni, nakwenda kukaa. Jikoni ni pale unapoingia sikio moja tu. Ni rahisi."

Na kwa nini hakumwambia mtu?

"Nani aliniuliza natembeaje? Walikuwa wananiuliza nimekula nini."

Mchana ule aliinuka sebuleni kwenda kujilaza. Alipofika katikati ya korido, muziki ukawa unamsukuma mgongoni na unamvuta usoni kwa pamoja, kwa nguvu moja, bila tofauti ya hata nywele. Akasimama. Akageuka ili ajue alikotoka. Alipogeuka mara ya pili, mbele na nyuma vilikuwa vimekwisha kupotea, na akaufuata upande uliomwonea huruma, kumbe ni wa ngazi za jikoni.

Kifundo cha mkono kiliteguka. Mifupa ilisalimika.

Dereva alimpigia fundi simu akiwa njiani, na maneno yake hayakuwa mengi. "Dada, ng'oa vitu vyako vyote vya chumbani. Nikirudi Ijumaa nakuja na mtu wa kumshika Mama mkono, asubuhi mpaka jioni. Sitaki tena majaribio."

Kwa dereva, huyo mtu wa kumshika mkono ni usalama. Kwa Bibi, ni mwisho wa kitu ambacho amekishikilia tangu macho yaanze kumwacha. Ndani ya nyumba hii hakuna anayemwongoza. Anakwenda chooni mwenyewe, anajitandikia kitanda, anamfungulia mlango anayebisha.

"Huyo mtu ataingia na mimi mpaka wapi?" aliuliza. "Nimekuwa mfuko wa sokoni, nibebwe na kuwekwa chini?"

Ni Bibi mwenyewe aliyemtuma mkwe wake kumwita Fundi Kimya tena. Ujumbe ulikuwa mfupi: uliyeniharibia njia, njoo uitengeneze kabla ya Ijumaa.

Leo ni Alhamisi.

Fundi anajifungua kitambaa na kubaki amekaa sakafuni, akiangalia mlango wa jikoni.

"Nilipiga makofi chumbani," anasema, kama anayejisemea. "Nilipiga sebuleni. Hapa sikupiga. Nilisema, nani anakaa kwenye korido?"

"Wewe," anajibu mkwe. "Simama basi, nipite na maji."

Anasimama. Anapiga makofi matatu kwenye korido, kwa mara ya kwanza. Yanajibiwa na kuta mbili zilizo karibu, makavu na ya haraka, bila kusema yametoka upande gani. Anaandika neno moja kwenye daftari lake la shule, anapigia mstari chini, kisha anakwenda kufungua begi.

Ameleta vitu vitatu vya kujaribu chumbani, kimoja kimoja.

Cha kwanza ni spika nyeupe ya mviringo, mpya, ambayo matangazo yanasema inasikika sawa kila upande na hupokea amri kwa mdomo. Fundi anaiweka juu ya kabati na kumwambia Bibi atembee. Yeye mwenyewe anatembea kinyumenyume mbele yake, mikono tayari, mgongo wake ukiwa umeziba mlango wa jikoni.

Bibi anafika katikati na kusimama. "Huyu yuko kila mahali. Huyu ni moshi."

"Mwamuru kwanza, Bibi. Mwambie apunguze."

"Punguza," anasema Bibi.

Spika inaendelea kuimba.

"Punguza, we!"

Inabadilisha wimbo.

"Mtoeni," anasema Bibi. "Nimelea watoto watano, siwezi kuanza na wa sita asiyesikia. Na akitaka kuzimwa unamshika wapi? Mwili mzima laini, kama yai."

Cha pili ni moja ya zile spika zilizomwangusha, safari hii ikiwa peke yake, bila mwenzake, imeelekezwa mlangoni. Bibi anatembea hatua sita, saba, na anasita.

"Huyu ni yule yule wa sebuleni. Nduguye. Sauti moja, pua moja. Nikiwa nimetoka usingizini nitawachanganya."

Fundi anaandika. Katika begi kimebaki kitu kimoja, na ni dhahiri hakitaki.

Ni sanduku la mbao lenye urefu wa mkono, lililopakwa vanishi ambayo imechubuka pembeni. Lina spika moja tu, mbele, nyuma ya kitambaa cha kahawia. Alilitoa kwenye redio kubwa iliyokufa, enzi za mjomba, na baadaye akalitia amplifaya ndogo ya kukuza sauti na kulifungia nyuma kipokezi cha mtandaoni. Mbele lina kitufe cha kuzungusha, cha chuma, kikubwa kama kifuniko cha chupa.

"Hili nililibeba tu," anajitetea. "Fundi mwenzangu akiingia hapa akakuta sebuleni kitu hiki na chumbani kitu kile, atasema nimelewa. Vyumba viwili vinavyopiga wimbo mmoja, spika zake ziwe na sauti moja. Ndivyo inavyofanywa."

"Inafanywa na wanaoona," anasema Bibi. "Washa."

Linawashwa. Sauti yake ni nene, imetulia, na haina zile ncha kali za sebuleni. Inatoka mbele kwa njia nyembamba, inapita mlangoni na kuingia korido. Pembeni ya sanduku haisikiki sana.

Bibi anaanza kutembea. Fundi anatembea kinyumenyume mbele yake, kama mwanzo.

"Toka mbele yangu, mwanangu. Unaniharibia."

Fundi anaangalia jikoni, anaangalia bandeji, kisha anakaa pembeni, mgongo kwenye mlango wa jikoni. Bibi anapita. Hatua ya saba, ya nane, ya tisa. Hasiti. Anaingia chumbani, mkono mzima mbele, na vidole vyake vinafikia kitufe cha chuma kabla ya kitanda.

"Huyu anaongea kwa kifua," anasema. "Kule wanaongea puani, huyu kwa kifua. Nikifuata kifua, nalala. Nikifuata pua, nakaa." Anazungusha kitufe, sauti inashuka, anazungusha tena, inapanda. "Na huyu ana sikio la kushikwa."

Kazi iliyobaki inachukua mchana wote. Kipokezi cha sanduku ni cha kampuni moja na cha sebuleni, hivyo suala la kuchelewa linamalizika ndani ya saa moja. Sanduku linafungwa ukutani kwa urefu wa kifua cha Bibi, likitazama mlango. Spika za sebuleni zinageuzwa zielekee kiti chake badala ya korido. Fundi anajifunga kitambaa tena, anazunguka mara tatu papo hapo, na mkwe anamuuliza chumba kiko wapi. Kidole kinakwenda chumbani. Anazungushwa tena. Kinakwenda chumbani. Mara ya tano mkwe anasema yeye ndiye anayepata kizunguzungu.

Ijumaa saa kumi jioni, dereva anaingia akiwa bado na vumbi la safari kwenye nyusi. Hakuja na mtu, lakini amekwisha kuzungumza naye; ataanza Jumatatu. Anasimama sebuleni, simu mkononi, na kutazama upande wa chumbani.

"Spika moja tu?"

"Moja tu, kaka," anajibu fundi.

"Na yenyewe ya zamani. Dada, watu watasema nimemnunulia Mama kitu cha mtumba."

"Hao watu wanalala humo?" Bibi anauliza kutoka kwenye kiti chake. "Weka wimbo. Nataka kwenda chumbani."

Dereva anabonyeza simu. Vyumba viwili vinaanza pamoja. Bibi anainuka, anakunja kitenge vizuri kiunoni, na kuingia korido.

Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwanawe yuko nyuma yake kwa umbali wa mkono. Usawa wa mlango wa jikoni, Bibi anasimama.

Anageuza kichwa kulia, halafu kushoto. Mkono wake wenye bandeji unapanda kidogo. Dereva anapiga hatua mbele na kufungua mdomo.

"Kimya kidogo, kaka," anasema fundi.

Dereva anafunga mdomo.

"Nani kaacha bomba la jikoni linadondoka?" anauliza Bibi. "Mkwe, kalifunge." Kisha anaendelea, hatua ya nane, ya tisa, mpaka kitufe cha chuma, na wote walioko nyuma wanasikia sauti nene ikipanda kidogo.

Dereva anabaki amesimama usawa wa jikoni, akitazama ngazi mbili za saruji. Halafu anaitoa simu yake na kupiga.

"Habari za jioni, dada. Ni kuhusu ile kazi ya Jumatatu," anasema, na kutoka nje kuzungumza. Anaporudi, anamwambia fundi jambo moja tu: spika zile mbili za kwanza za chumbani azichukue.

Fundi Kimya anakunja waya zake akiegemea fremu ya mlango wa chumba cha Bibi. Kibanda chake kina chumba kimoja, anasema, na jirani yake fundi viatu anahama mwisho wa mwezi. Anataka kukipanga kile cha jirani na kutoboa mlango kati yao, na katikati aache korido, hata kama ni ya hatua sita. Huku aweke spika za aina moja, kule za aina nyingine.

"Mteja akija, simpi picha. Namfunga kitambaa, namwambia tembea. Atakaponiambia mwenyewe yuko wapi, hapo ndipo tutaanza kuongea kuhusu spika," anasema. "Na nina watu wawili tayari. Mmoja ni mzee wa mtaa wa nyuma, haoni kabisa. Mwingine anaona vizuri, ila anasema nyumbani kwake..."

"Fundi!" Bibi anaita kutoka kitandani, akiwa ameupa mlango mgongo.

"Naam, Bibi."

"Toka hapo mlangoni. Umeziba njia yangu."